Mchezaji Wetu Akishitakiwa





Katika mazungumzo ya vijana wetu baada ya ibada ya Jumapili, kijana mmoja alisimama akauliza swali lililowafanya wazee watazame chini. Aliuliza hivi: mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye ni tegemeo la timu ya chuo, akishitakiwa na mwanafunzi mwenzake wa kike kwamba amemtenza nguvu, chuo kifanye nini? Kimwache aendelee kucheza mpaka mahakama itakaposema, au kimfukuze siku ile ile? Vijana waligawanyika. Wengine walisema kwamba hakuna msichana awezaye kujitangazia aibu namna hiyo kama si kweli. Wengine walisema kwamba mtu mwenye jina huchafuliwa upesi, kwa sababu wenye wivu ni wengi. Muda ulikwisha kabla wazee hatujajibu, na kusema kweli tulifurahi ulipokwisha.

Lakini swali likikimbiwa haliondoki. Basi tumeona vema tulijibu hapa kwa kadiri Mungu alivyotujalia.

Huku kwetu Machame jambo hili haliko mbali. Watoto wetu, pamoja na wa majirani zetu Walutheri na Wakatoliki, wanasoma katika vyuo vya Moshi, yaani Ushirika, Mwenge na KCMC, na wengine wako Dodoma na Dar es Salaam. Tunawatoa katika vihamba vyetu kwa fedha ya kahawa na ndizi, na kwa mikopo. Tena sisi ni watu wa kupenda michezo. Shule yetu ikipeleka mtoto UMISSETA, kijiji kizima hujua. Tangu mwaka 2003, kila mwaka, mbio za Kilimanjaro Marathon hufanyika pale mjini Moshi, na wengi wetu hushuka kwenda kuwashangilia wakimbiaji. Hakuna dhambi hapo. Mtume Paulo mwenyewe aliwachukua wakimbiaji kuwa mfano wa Mkristo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9.

Shida inaanzia mahali pengine. Mchezaji hodari anatupa kitu. Anakipa chuo jina, anawapa wanafunzi furaha, anampa mwalimu wa timu sifa, anawapa wazazi wake fahari. Na mtu anayetupa kitu, kumhukumu kwa haki ni kazi ngumu. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulitafakari pamoja.

MFALME ALIYEKASIRIKA TU

Fungueni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Amnoni alikuwa mwana wa kwanza wa mfalme Daudi. Alimtamani Tamari, nduguye kwa baba. Yonadabu, rafiki yake mwenye hila, akamfundisha ajifanye mgonjwa. Mfalme mwenyewe, bila kujua, ndiye aliyemtuma Tamari aende kumwandalia ndugu yake chakula. Tamari alikataa kwa maneno ya wazi kabisa, wala hakuna asomaye sura ile awezaye kusema kwamba hakueleweka. Amnoni akamshinda kwa nguvu, kisha akamchukia, akamtoa nje na mlango ukafungwa nyuma yake.

Tazameni aliyoyafanya Tamari. Hakunyamaza. Alirarua vazi lake, akatia majivu kichwani, akaenda zake njiani akilia kwa sauti. Alitoa mashitaka yake hadharani, na watu wakamsikia, lakini hakuna aliyemsikiliza. Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, alimwambia anyamaze kwa kuwa Amnoni naye ni ndugu yake. Daudi alipopata habari alikasirika sana. Basi. Mstari unaishia hapo. Hakumwita Amnoni, hakumwita Tamari, hakuketi kuamua. Katika nakala za kale za Kiyunani imeongezwa sababu, ya kwamba Daudi hakutaka kumhuzunisha Amnoni kwa kuwa alikuwa mzaliwa wake wa kwanza.

Mnayajua yaliyofuata. Miaka miwili baadaye Absalomu alimwua Amnoni karamuni. Kisha Absalomu akaasi, na Daudi akaukimbia Yerusalemu akipanda Mlima wa Mizeituni miguu mitupu. Mwisho Absalomu naye akafa. Na Tamari akakaa katika nyumba ya Absalomu hali ya ukiwa. Mfalme alitaka kuihifadhi nyumba yake kwa kutomgusa mwanawe mkubwa, na kwa njia hiyo hiyo nyumba ikabomoka.

Tusidhani kwamba mambo hayo ni ya Israeli ya kale tu. Mwezi Februari 1990, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aitwaye Levina Mukasa alijiua baada ya kuteswa na wanafunzi wenzake wa kiume. Wakati ule pale Mlimani palikuwa na kitu kilichoitwa Mzee Punch. Watu wasiojulikana walikuwa wakibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwaaibisha wenzao, na hasa wanafunzi wa kike. Msichana aliyepigwa na Mzee Punch alitengwa, hata wenzake waliogopa kuonekana naye. Mpigaji hakuwa na jina, lakini mpigwaji alijulikana na chuo kizima. Hiyo nayo ilikuwa mahakama, tena mbaya kuliko zote, maana haikuwa na hakimu wala mahali pa kujitetea. Kwa miaka mingi wengi waliichukua kama utani wa vijana.

Shauri la Levina halikuwa la timu ya mpira. Lakini mzizi ni ule ule: kundi la vijana waliozoea kushangiliwa, na nyumba kubwa ambayo haikutaka kujisumbua mpaka palipotokea msiba. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, ambacho kilianzishwa mwaka 1987, kilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, na juhudi za wanawake hao na wenzao zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Kwa sheria hiyo, anayebaka anaweza kupewa kifungo kisichopungua miaka 30.

Mwaka uliofuata kifo cha Levina, jirani zetu wa Kenya walipata msiba mkubwa zaidi. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko ya Mtakatifu Kizito huko Meru, wavulana waliokuwa wamegoma waliliingia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walinajisiwa. Moja ya manung'uniko ya mgomo ule, kama yalivyoelezwa wakati huo, lilihusu mashindano ya riadha ambayo shule haikushiriki. Lililowashangaza watu hata nje ya Afrika ni maneno ya mmoja wa wakuu wa shule, aliyesema kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana ila kuwabaka tu. Tunaona haya kuyaandika maneno hayo. Lakini tunayaandika kwa sababu yanaonyesha moyo wa mwanadamu unavyokuwa ukishazoea. Jambo huanza kwa kuitwa utani, kisha huitwa ujana, na mwishowe mtu mzima aliyepewa kulea watoto hawezi tena kuliona kuwa ni dhara.

YUSUFU GEREZANI

Mpaka hapa vijana waliotetea wasichana watakuwa wamefurahi. Sasa na tusikilize upande wa pili, maana Biblia nayo inausikiliza.

Katika Mwanzo sura ya 39, Yusufu alishitakiwa na mke wa bwana wake. Palikuwa na ushahidi, nao ulikuwa vazi lake. Palikuwa na kelele. Palikuwa na mlalamikaji mwenye heshima. Potifa akawaka hasira, akamtia gerezani. Angalieni kwamba Potifa naye, kama Daudi, alikasirika, wala hakuuliza. Mmoja alikasirika akaacha, mwingine alikasirika akafunga, na wote wawili hawakusikiliza. Hasira ya kwanza ilimwonea Tamari na hasira ya pili ilimwonea Yusufu. Ndipo tunapojifunza kwamba kukasirikia uovu ni jambo moja, na kutenda haki ni jambo lingine.

Haya nayo yametokea siku zetu. Mwezi Machi 2006, huko Marekani, wachezaji wa Chuo Kikuu cha Duke walishitakiwa. Walikuwa timu ya lakrosi, mchezo unaochezwa kwa fimbo zenye wavu. Mwanamke aliyekodiwa kucheza ngoma katika karamu yao alisema kwamba alinajisiwa, na wachezaji watatu wakafunguliwa mashitaka. Wachezaji hao walikuwa wazungu, watoto wa wenye nafasi. Mwanamke alikuwa mweusi, tena maskini. Kila mtu alidhani anaijua hadithi ile kabla ya kuisikia. Mwezi uliofuata, kabla shauri halijasikilizwa, chuo kilifuta michezo yote ya timu iliyobaki mwaka ule, na mwalimu wa timu akalazimika kuacha kazi. Walimu 88 walitia sahihi tangazo lililochapishwa katika gazeti la wanafunzi, nalo likachukuliwa na wengi kama hukumu. Kumbe vipimo vya maabara havikuwagusa wale vijana, na mwendesha mashitaka, Mike Nifong, hakuyatoa yote aliyoyajua. Mwezi Aprili 2007 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la North Carolina, Roy Cooper, aliyafuta mashitaka akatangaza kwamba vijana hao hawana hatia. Nifong alinyang'anywa ruhusa ya kazi ya uwakili. Na mwezi Desemba 2024 mwanamke yule mwenyewe alikiri kwamba alisema uongo.

Basi je, tuseme kwamba wachezaji husingiziwa? La. Katika nchi hiyo hiyo, mwezi Januari 2015, wanafunzi wawili waliokuwa wakipita kwa baiskeli katika Chuo Kikuu cha Stanford walimkuta mwogeleaji wa chuo, Brock Turner, juu ya mwanamke aliyekuwa amepoteza fahamu nyuma ya pipa la takataka. Baraza la waamuzi lilimwona na hatia mwaka 2016. Hakimu Aaron Persky akampa kifungo cha miezi sita, naye akakaa mitatu. Mwanamke yule, ambaye mwaka 2019 alijitambulisha kwa jina lake, Chanel Miller, alieleza kwamba alipoisoma habari yake mwenyewe gazetini aliona mwishoni pameandikwa kasi ya kijana yule katika kuogelea. Hebu fikirini neno hilo. Mtu asoma habari za kudhulumiwa kwake, na chini yake anaambiwa kwamba aliyemdhulumu huogelea vizuri. Mwaka 2018 wapiga kura walimwondoa hakimu yule katika kiti chake.

Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, kosa ni moja. Pale Duke wachezaji walihukumiwa kwa sababu ya walivyokuwa, na pale Stanford mchezaji alihurumiwa kwa sababu ya alivyokuwa. Huku na huku, swali la kweli liliachwa: ni nini kilichotendeka usiku ule, kati ya mtu huyu na mtu huyu? Jina la timu liliwekwa katika mizani, na mizani ikapinda. Sheria ya Musa iliona mbali ilipokataza, katika Walawi 19, kumpendelea maskini na kadhalika kumstahi mwenye nguvu.

DANIELI ALIVYOULIZA

Yuko mtu mmoja katika maandiko aliyelifanya jambo hili vizuri. Yumo katika habari ya Susana, ambayo kanisa letu huisoma pamoja na vitabu vya Apokrifa kwa mafundisho ya mwenendo mwema. Wazee wawili, tena waamuzi, walimtaka Susana kwa nguvu. Alipokataa, walimsingizia kwamba wamemfumania na kijana. Mkutano ukawaamini kwa sababu ya mvi zao na vyeo vyao, na Susana akahukumiwa kufa. Ndipo kijana Danieli aliposimama. Hakupiga kelele kwamba wanawake husema kweli sikuzote, wala kwamba wazee husema uongo. Aliwatenga wale wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake: mliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, wa pili akataja mti mwingine. Swali dogo, lililoulizwa kwa utulivu, lilimwokoa mtu na mauti.

Tukijifunza kwa Danieli, tunadhani chuo kilicho na haki hakina budi kushika mambo matano.

Kwanza, anayefaidika na mshitakiwa asiketi katika kiti cha hukumu. Mwalimu wa timu, viongozi wa michezo, na wazee wa chuo waliokwisha kuweka moyo wao katika kombe, wasiwemo katika kamati ya nidhamu siku hiyo. Kadhalika asiwemo aliyekwisha kutangaza kwamba kijana ana hatia. Wahenga walitucheka waliposema habari ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Pili, wote wawili wasikilizwe mapema, kila mmoja kwa nafasi yake, na kwa ukamilifu. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa, tena inakataza mtu aliyeshitakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitishwa. Nikodemo alisema jambo hilo hilo mbele ya wakuu wa Wayahudi, Yohana 7. Lakini kusikilizwa kwa kijana kusiwe njia ya kumdhalilisha msichana kwa maswali ya nguo zake na marafiki zake. Danieli aliuliza habari ya mti.

Tatu, itofautishwe jezi na masomo. Watu huuliza, chuo kifanye nini tangu siku ya mashitaka hadi siku ya hukumu? Hili ndilo gumu kuliko yote, na sisi tumelijadili kwa muda mrefu. Maoni yetu ni haya. Masomo ni haki ya kijana, wala asinyang'anywe kwa neno ambalo halijapimwa. Lakini jezi ya chuo ni heshima. Anayeivaa anasimama mbele ya watu wote kwa niaba ya chuo, na msichana yule naye ni mtoto wa chuo. Heshima yaweza kuwekwa chini kwa muda bila kumhukumu mtu. Tunajua kwamba kijana asiye na hatia ataumia. Hatutasema kwamba si kitu, maana pengine mashindano yale hayatarudi tena maishani mwake. Kwa hiyo chuo kikimwambia aweke jezi chini, chuo nacho kiweke tarehe, na tarehe iwe karibu. Kumweka mtu kando mwaka mzima bila kumsikiliza ni kumwadhibu kwa jina lingine.

Nne, asiadhibiwe asiyehusika. Wakikaa bweni moja au darasa moja, watenganishwe, lakini asiwe msichana ndiye wa kuhamishwa na kubeba godoro lake machoni pa watu, kana kwamba yeye ndiye aliyeshitakiwa. Na wachezaji wengine wasipakwe tope la mmoja, kama ilivyokuwa Duke.

Tano, mwishoni chuo kiseme kweli, hata ile isiyopendeza. Mashauri mengine hayana shahidi. Palikuwa na watu wawili na Mungu peke yake. Kamati yaweza kuuliza vema, ikaangalia kila kitu, ikashindwa kujua. Hapo iseme: hatukuweza kujua. Isiseme kwamba msichana ameongopa, maana hilo nalo halikuthibitika. Kukosa ushahidi si sawa na kuthibitisha uongo, na tunaomba kila mkristo alishike neno hilo, kwa kuwa ndimi zetu huku vijijini hazilijui.

Mtu atauliza, kwa nini jambo lote lisiachiwe polisi na mahakama? Lipelekwe huko, maana kubaka ni jinai, na chuo kisijaribu kulizima kwa kamati yake. Lakini mahakama huchukua muda, na swali lake ni kama mtu afungwe. Chuo kina swali lingine ambalo haliwezi kungoja: kesho asubuhi watu hawa wawili wataishi vipi katika nyumba moja? Hata Wamarekani, ambao tangu mwaka 1972 wana sheria ya kuzuia ubaguzi wa jinsia katika elimu, hawajatulia juu ya namna ya kuyasikiliza mashauri haya vyuoni. Walitoa maelekezo mwaka 2011, wakaweka kanuni mpya mwaka 2020, wakazibadili mwaka 2024, na mwezi Januari 2025 mahakama ikazitangua zile za 2024. Kwa hiyo tusivicheke vyuo vyetu vikipapasa njia. Tuvidai tu visiache kuitafuta.

JANI LA SALE

Sasa tuje nyumbani, maana ni rahisi kuvihukumu vyuo.

Sisi watu wa mlima huu tuna desturi njema ya jani la sale. Mtu aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani hilo, na aliyepelekewa hutazamiwa kusamehe. Ugomvi mwingi wa mipaka na wa mifereji ya maji umekwisha kwa njia hiyo, na damu haikumwagika. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya wazee wetu waliotuachia jambo hilo.

Lakini yatupasa kuungama. Miaka mingi iliyopita baadhi yetu tuliketi katika kikao cha namna hiyo. Msichana wa ukoo mmoja alikuwa amesema kwamba kijana wa ukoo mwingine amemtenza nguvu. Kijana alikuwa hodari wa mpira, shule ilimtegemea, na mashindano yalikuwa karibu. Baba wa kijana alileta sale na mbuzi. Baba wa msichana alipokea. Tulikunywa mbege, tukapeana mikono, mmoja wetu akaomba, nasi tukarudi nyumbani tukisema kwamba tumeleta amani. Kijana alicheza. Msichana hakurudi shuleni tena.

Mpaka leo hatujui nini kilitendeka kati yao. Na hilo ndilo linalotuhukumu, kwa maana hatukuuliza. Katika kikao kile msichana hakuitwa. Kijana naye hakuitwa. Sale ilipelekwa kwa baba, na baba akasamehe kosa ambalo hakutendewa yeye. Kama kijana alikosa, hakupata kutubu, kwa sababu hakuna aliyemtaka aseme alilolifanya. Kama hakukosa, basi amebeba neno hilo maisha yake yote bila kusafishwa. Tuliwadhulumu wote wawili, kisha tukafunga kwa sala.

Basi tusiseme kwamba msamaha wa Kikristo unataka mambo yaishe kimya. Msamaha ni wa yule aliyeumizwa, wala hautolewi kwa niaba yake na watu wanaotaka kulala usingizi. Tena msamaha unatanguliwa na kweli. Yakobo hakumwendea Esau kwa zawadi tu. Aliinama yeye mwenyewe mbele yake.

Tunawaomba wazazi mambo mawili. Mtoto wako wa kike akikuletea habari ya namna hii, usianze kwa kumwuliza alikuwa anatafuta nini huko. Msikilize mpaka mwisho, mpeleke hospitali upesi, mpeleke penye sheria, na umwambie kwamba nyumbani kwake ni kwako bado. Na mtoto wako wa kiume akishitakiwa, usimkane, wala usiuze mbuzi kwenda kulifunika shauri. Mwambie aseme kweli yote, uketi karibu naye akiisema. Upendo wa mzazi haupungui kwa kutaka kweli. Upendo wa Daudi ulikataa kumwuliza Amnoni neno, na upendo huo haukumsaidia.

Na ninyi vijana wachezaji, tunawapenda na tutaendelea kuwashangilia. Kumbukeni tu kwamba watu wanapowapigia makofi wanaupigia mchezo wenu. Hawajawapa ruhusa juu ya mtu awaye yote. Msichana akisema hapana, neno lake lina uzito ule ule mbele ya mfungaji wa mabao na mbele ya mtu asiyejua kupiga mpira. Na mwenzenu akianza kupanga hila, msiwe Yonadabu.

Katika maungamo yetu ya kila Jumapili tunakiri mbele ya Mungu yale tuliyoyatenda, na pia yale tuliyoacha kuyatenda. Mara nyingi tunaikumbuka sehemu ya kwanza peke yake. Daudi hakumgusa Tamari. Dhambi yake katika sura ile ni ya kuacha. Kile kikao chetu nacho kilikuwa hivyo.

Kijana aliyeuliza swali, jibu letu ni hili: chuo kiulize, kiulize mapema, kiwaulize wote, na siku hiyo kisahau kombe. Na sisi wazee tutajitahidi kufanya hivyo katika vikao vyetu.

Tuombe. Ee Mungu, uonaye sirini, uwasikilize wale ambao hatukuwasikiliza. Uwatetee walioonewa, uwasafishe waliosingiziwa, uwape toba waliokosa. Utupe sisi mioyo isiyoogopa kweli inapokuja mlangoni kwetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.